Asiambiwe Mpaka Alfajiri

Chumba walichopewa kilikuwa na bafu la vioo, kuanzia sakafuni mpaka darini, na hapo ndipo Meselech alipotambua kwamba siku hiyo hatapata hata pa kulilia. Dada yake alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda akivua viatu, na mtu aliyeketi pale aliona bafu zima, na sinki, na uso wa yeyote anayenawa. Nani alibuni bafu la namna hiyo, na alikuwa na shida gani na watu, Mungu ndiye ajuaye.

Mama yao, Zenebech, alikuwa amefariki jana jioni. Alganesh, binti mkubwa, alikuwa keshatoka Beirut, yuko njiani baina ya ndege na ndege, na hakuna aliyempata kwenye simu, wala hakuna aliyejaribu sana. Asubuhi hii ameshuka Addis Ababa na sanduku kubwa kuliko yeye, ameulizia mama yake kabla ya kusalimia, na mpaka sasa hajui. Maziko ni leo saa tisa.

Wazee walikuwa wamekata shauri usiku uleule, chini ya turubai lililofungwa mbele ya nyumba. Asiambiwe mpaka alfajiri ya kesho. Kwetu mtu wa safari hapewi habari ya msiba uwanja wa ndege, wala barabarani, wala akiwa na njaa. Anapelekwa mahali akae, ale, alale. Alfajiri ndipo wazee na majirani wanamwendea kwa pamoja, tena wakiwa wengi, ili akianguka pawe na mikono ya kumdaka.

"Na maziko je?" Meselech aliuliza. "Mtoto mkubwa asimzike mama yake?"

Mjomba Worku alikuwa mwenyekiti wa chama cha kufa na kuzikana tangu Meselech hajaanza shule, na hakuzoea kuulizwa mara mbili.

"Shangazi yako Tirunesh aliambiwaje habari ya mumewe?" alisema. "Sokoni. Na muuza vitunguu. Tulizika wawili ndani ya wiki moja. Na dada yako ana presha, mwenyewe umetuambia. Unataka tuzike wawili?"

Na kwa kuwa kila nyumba ya wageni ya karibu ilikuwa na mtu anayewajua, ambaye angemwona Alganesh tu na kumpa pole, mjomba alichagua mahali ambapo watu wetu hawakanyagi: Hoteli ya Koroboi, katikati ya jiji, Piassa. Alilipa mwenyewe, na bei yake hakumtajia mtu.

*

"Hawajamaliza kujenga?" Alganesh aliuliza, akitazama ukuta wa matofali usio na lipu.

"Ni mtindo, dada."

"Mtindo." Akainua macho kwenye balbu zilizoning'inia kwenye waya mtupu. "Miaka yote hii nafua nguo za watu nitume hela mpige lipu nyumba ya mama, kumbe kuacha matofali wazi ndiyo ufahari. Mngeniambia, ningepumzika."

Meselech alicheka. Kicheko kilitoka kikavu, kwa kuwa sauti aliiacha yote nyumbani, jana, juu ya mwili wa mama.

"Mbona umekauka sauti hivyo?"

"Mafua."

"Mafua na macho mekundu. Utakunywa tangawizi." Alganesh alikwishafungua sanduku na kuanza kutandaza vitu kitandani: gauni la sufu la mama, dawa ya magoti ya mama, viatu laini vya mama vya kuendea kanisani. "Mguu wake bado ni ule ule, au umevimba? Nilinunua namba kubwa kidogo. Haya, nieleze tena. Mama yuko wapi?"

"Yuko kwenye maji ya baraka, kule kanisani mlima Entoto. Anamaliza kesho."

"Na nyumba inapigwa rangi."

"Ndiyo. Harufu ile si nzuri kwa presha yako."

"Anajua nakuja leo, halafu anakwenda kuoga maji ya baraka." Alganesh alilikunja lile gauni, akalikunjua, akalikunja tena. "Twende Entoto basi."

"Hawatembelewi mpaka wamalize."

"Tangu lini?"

Njia ya mwongo ni fupi, na Meselech alikuwa ameshafika mwisho wake kabla hata kahawa haijaletwa. Akasema padri wa kule ni mpya, ana masharti. Alganesh hakubisha. Akatoa simu akaanza kuibonyezabonyeza.

"Hapa lazima pana intaneti. Niwaambie wenzangu wa Beirut nimefika salama. Hebu niombee hilo neno lao la siri."

Meselech alitoka chumbani kama mtu aliyesikia mtoto akianguka. Tangu asubuhi picha ya mama, na mshumaa pembeni, ilikuwa imesambazwa na binamu zao mtandaoni kote. Beirut yote ilijua. Aliyekuwa hajui ni mmoja tu, naye ndiye huyo anayetafuta intaneti.

Mapokezi palikuwa na msichana aliyenyoa nywele upande mmoja, kavaa fulana nyeusi, jina lake Rediet.

"Nakuomba," Meselech alisema, "dada yangu akija kuulizia intaneti, mwambie imeharibika."

"Haijaharibika, mama. Mteja ana haki yake, na meneja—"

"Mama yetu amefariki jana. Yeye hajui."

Rediet aliweka kalamu chini. Hakuuliza kwa nini hajui. Hakuna mtu wa nchi hii anayeuliza. Kila mmoja amewahi kuwa upande mmoja au mwingine wa jambo hilo. Akatazama ngazi kwanza, ndipo akasema polepole, "Mungu amrehemu. Nitawaambia wenzangu."

Na aliwaambia.

*

Chakula waliletewa chini, kwenye ukumbi ambao vijana wenye kompyuta walikuwa wamekaa kila mtu na meza yake na kikombe kimoja tangu asubuhi. Injera, mkate wetu mwororo, ililetwa imekatwa vipande na kuviringishwa, imepangwa juu ya ubao, na kibakuli cha mchuzi cha kutosha kumlisha kifaranga.

"Sahani zimeisha?" Alganesh aliuliza.

Mhudumu, mwanamume wa makamo, alitabasamu kwa unyenyekevu mno. "Kula tu, dada yangu. Kula ushibe. Nitakuongezea, usijali bei." Akasimama hapohapo, mikono kifuani, akimtazama anavyotafuna. Mpishi alichungulia dirishani mwa jikoni. Mfagiaji mmoja aliacha ufagio akampisha njia ilhali Alganesh alikuwa ameketi wala haendi popote.

Alganesh aliusukuma ule ubao.

"Umewaona wanavyonitazama?"

"Nani?"

"Usijifanye. Wote. Wananihurumia." Aliinamisha kichwa, akanong'ona. "Wamenijua. Wameona mikono yangu, wamejua huyu katoka kusugua vyoo vya Waarabu. Beirut nilipita mlango wa nyuma, Mese, nikasema sawa, si kwetu. Leo nimeingia hoteli ya kwetu kwa mlango wa mbele, na bado nipo vilevile."

Meselech alitamani ardhi ipasuke. Kumbishia ilikuwa kumwambia, na kumwambia ilikuwa kumuua. Akasema, "Kula, dada, chakula kinapoa," maneno ya kijinga kuliko yote aliyopata kuyasema.

Alganesh aliinuka, akakusanya vikombe na ule ubao, akafuta meza kwa kiganja.

"Acha, mama," mhudumu alikimbia. "Hiyo ni kazi yangu."

"Na yangu pia," Alganesh alisema. "Ndiyo maana unanitazama hivyo."

Mhudumu akapokea vikombe kwa mikono miwili, kama anavyopokea mtu kitu kutoka kwa mkubwa wake, na jambo hilo likamwudhi Alganesh zaidi.

*

Saa saba ilipopita, simu ya Meselech ililia. Alitoka nayo koridoni. Alikuwa mumewe, Desalegn, na nyuma yake zilisikika sauti za wanawake wakiomboleza.

"Jeneza linatoka saa nane na nusu," Desalegn alisema. "Watu wanauliza mko wapi. Nimechoka kujibu."

"Na mimi je, Desu? Mimi ndiye niliyemlisha kwa kijiko. Nisimzike?"

Desalegn alishusha sauti. "Mjomba anasema lazima mmoja wenu akae na mwenzake. Ukimwacha huko peke yake atatoka, atakutana na mtu."

"Mwambie mjomba amtume mtu mwingine."

"Nani ataweza kumwangalia Alganesh usoni? Mwenyewe mjomba hawezi. Ndiyo maana hakuja uwanja wa ndege."

Aliporudi chumbani, alimkuta dada yake amesimama katikati, vile viatu vya mama mkononi.

"Mmeiuza nyumba," Alganesh alisema.

"Dada."

"Sikulaumu wewe. Najua ni mumeo. Niambie ukweli tu nijue pa kusimama. Nyumba ipo?"

"Ipo. Naapa kwa Mariam ipo."

"Chumba changu kipo? Kile chenye kitanda nilicholipia?"

"Kipo."

"Kina mtu?"

Meselech alifungua mdomo. Kitanda kile ndicho kilichokuwa kizuri kuliko vyote nyumbani, kwa hiyo mama alilazwa hapo tangu jana, kaoshwa, kavishwa nyeupe, amefungwa vidole vya miguu kwa uzi. Kina mtu. Machozi yalimjaa, akageuka upande wa ukuta, na upande wa ukuta kulikuwa na kioo, dada yake akayaona yote.

"Ahaa," Alganesh alisema. "Kumbe."

Akachukua mkoba, akateremka. Meselech alimfuata nyuma akimwita, na vijana wenye kompyuta wakainua vichwa.

"Niitie teksi," Alganesh alimwambia Rediet.

"Teksi hazipiti sasa hivi, dada. Barabara imefungwa."

"Nasikia magari."

"Yanarudi nyuma hayo."

Alganesh alielekea mlangoni. Bawabu alikuwa mzee ambaye hoteli ilimvika kofia ya manyoya na ngao, kama shujaa wa vita vya zamani, ili wazungu wampige picha. Alijipanga mbele ya mlango.

"Mvua inakuja, binti yangu. Ukilowa utaugua."

Nje jua lilikuwa linachoma. Alganesh alimtazama mzee, akamtazama Rediet, akamtazama mpishi aliyetoka jikoni na kusimama na mwiko wake, na mwisho akamtazama mdogo wake.

"Madamu wangu wa Beirut alipokuwa akitoka alinifungia kwa ufunguo," alisema. "Pasipoti yangu kaiweka kwenye droo yake. Nikajiambia, siku nikifika kwetu hakuna atakayenifungia tena. Ninyi hamna hata ufunguo. Mnanifungia kwa adabu."

Mzee bawabu aliinamisha kichwa mpaka manyoya ya kofia yakamfunika macho, lakini mlangoni hakuondoka.

*

Juu, Alganesh alirudisha vitu sandukuni, kimoja kimoja, bila haraka. Gauni. Dawa. Viatu alivitazama kidogo, akaviweka mezani.

"Hivi mpelekee. Mimi narudi Beirut. Nikikosa ndege ya leo nitalala uwanjani."

"Subiri kesho. Nakuomba. Kesho alfajiri tu."

"Kesho kuna nini? Watakuja wazee, wataketi, watanieleza kwa mifano kwamba nyumba ni ya mumeo? Naijua mifano yao." Alifunga sanduku kwa goti. "Na mama amekubali. Hilo ndilo linaloniuma. Miaka kumi na moja nampigia kila Jumapili, na siku nafika anajificha kwenye maji ili asinitazame usoni. Basi mwambie hivi."

"Dada, usiseme."

"Mwambie Alganesh amesema, tangu leo yeye si—"

Meselech alimziba mdomo kwa kiganja. Hakufikiri. Alijua kitu kimoja tu: neno lile likitoka, halitarudi tena, na mtu wa kulisamehe hayupo. Mjomba alihesabu presha na hakulihesabu hilo. Dada yake angekuwa anakwenda kanisani kila mwaka kuungama neno alilomtamkia mama saa ile ile mama anateremshwa kaburini, na aliyemwacha alitamke angekuwa Meselech.

Alganesh aliutoa ule mkono kwa nguvu. "Umeingiwa na nini?"

Meselech alishika shuka yake nyeupe begani. Kwetu shuka ile huvaliwa pindo lake la rangi likiwa chini. Siku ya msiba hugeuzwa, pindo likapanda juu, likauzunguka uso. Mtoto wa miaka mitano anajua maana yake. Meselech aliivua, akaigeuza, akajifunika, pindo likamfika mashavuni.

Alganesh alitazama.

"Nani?" aliuliza. "Desalegn?"

Meselech alitikisa kichwa.

"Mjomba Worku?"

Akatikisa tena. Alganesh hakuuliza wa tatu. Alikaa juu ya sanduku.

"Lini?"

"Jana. Jua likizama."

"Amezikwa?"

"Saa tisa."

"Saa tisa ya leo?"

"Ya leo."

Alganesh alisimama akampiga kofi. Halafu akampiga la pili, na Meselech hakukinga. La tatu halikufika. Alganesh alikwenda chini baina ya kitanda na sanduku, na kichwa kikagonga mbao. Meselech alimdaka kiuno. Alikuwa mzito, mkavu, macho wazi, hapumui vizuri wala halii. Hili ndilo walilolisema wazee: mtu mmoja hana mikono ya kutosha. Meselech aliuegemeza mwili wa dada yake kifuani, akanyoosha mguu, akausukuma mlango ukafunguka. Kisha akaitoa ile sauti aliyoizuia tangu asubuhi.

"Mama yetu jamani. Mama yetu ametuacha."

Walikuja. Rediet alikuwa wa kwanza, kapanda ngazi mbilimbili. Nyuma yake wahudumu wawili wa vyumba, mpishi na mikono yake ya vitunguu, yule mhudumu wa ubao, na mzee bawabu aliyeivua kofia ya manyoya na kuiacha sakafuni koridoni. Hakuna aliyeuliza la kufanya. Mmoja alimmwagia Alganesh maji usoni, mwingine akamshika miguu, mpishi akamfungua kifungo cha shingoni. Wahudumu wa vyumba walipiga vifua, wakalia "mama yetu, mama yetu," nao hawakuwahi kumwona Zenebech hata siku moja. Walilia kwelikweli. Kila mmoja alikuwa na wake wa kumlilia.

Ndipo Alganesh akapata pumzi. Kilio kilichotoka kiliwatoa wageni vyumbani, na mzungu mmoja akasimama koridoni na taulo akiuliza kuna moto wapi. Meneja alipanda amekasirika, kijana wa suti bila soksi. Alifika mlangoni, akaona shuka ilivyovaliwa, akasimama.

"Gari la hoteli lipo nyuma," alisema. "Dereva awashe?"

Meselech alimpigia mjomba. "Msimteremshe. Tunakuja."

"Umemwambia?" Sauti ya mjomba ilipasuka. "Meselech, umemwambia peke yako?"

"Hatuko peke yetu, mjomba."

"Mapadri wana maziko mengine baada ya haya. Siwezi kuwashika."

"Jaribu," Meselech alisema, akakata simu. Hakuwahi kumkatia simu mtu mzima maishani mwake.

*

Mjini gari haliendi kwa kulia. Walisimama kwenye taa, wakasimama kwenye mzunguko, wakasimama nyuma ya lori la mchanga. Rediet alikaa mbele na fulana yake nyeusi, mzee bawabu nyuma, amemshika Alganesh bega. Hakuna aliyewaomba waje.

Walipofika kanisani, watu walikuwa wengi pembeni mwa ukuta wa makaburi, na majembe yalikuwa yanafanya kazi. Mjomba alikuwa amewashika mapadri mpaka akatukanwa, lakini jeneza lilikuwa limeshateremshwa na udongo ulikuwa umeshalifunika. Watu walimwona mwanamke anakuja bila shuka, amevaa ndala nyeupe za hotelini zenye picha ya koroboi. Wakampisha.

Mjomba Worku alimwendea mikono wazi, uso umelowa. Alikuwa amezeeka tangu asubuhi.

"Pole, mwanangu," alisema. "Umechelewa."

Alganesh alisimama ukingoni, akatazama udongo.

"Sikuchelewa, mjomba," alisema. "Nilifika asubuhi."

Mzee alibaki na mikono yake hewani. Watu wote walisikia. Alganesh alipiga magoti, akachota udongo kwa viganja viwili, akautupa, na Meselech akapiga magoti kando yake, akachota wa kwake.